Kijerumani kwa njia ya video: kwa nini vijana wengi wanakwama katikati ya safari

Saa mbili ya usiku, umeme umerudi kwa saa chache, na katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Uvira kijana anashika telefone yake. Ameweka ekuta masikioni. Kwenye skrini kuna muzungu anaongea Kijerumani mbio mbio, na kijana anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Mama anapita na kuuliza swali ambalo wazazi wengi wameuliza tayari: "Mwanangu, unasoma ao unaangalia filamu?"

Swali hilo ni la maana kuliko linavyoonekana. Juu katika miaka hii vijana wengi wa hapa wameanza kujifunza Kijerumani, na wengi wao hawana mwalimu. Wana telefone, wana mega kidogo, na wana video. Wanaanza vizuri. Miezi sita ya kwanza wanasalimia, wanahesabu, wanasema jina lao na umri wao. Kisha wanafika katikati, kwenye kiwango ambacho Wazungu wanaita B1, na hapo gari linazama kwenye matope. Wanaendelea kuangalia video kila usiku, lakini hawaendi mbele. Kwa nini? Na kuna njia gani ya kutoka?

Kwanza: kwa nini Kijerumani, na kwa nini sasa?

Kwa muda mrefu mtu wa Kongo aliyetaka kusoma ngambo alifikiri Ubelgiji ao Ufaransa, kwa sababu ya lugha. Ujerumani ilikuwa mbali. Hali imegeuka kidogo kwa sababu Ujerumani yenyewe imegeuka. Watu wake wanazeeka, na wafanyakazi wanaokwenda kupumzika ni wengi kuliko vijana wanaoingia kazini. Taasisi moja ya utafiti wa kazi ya kule, IAB, ilikadiria kwamba inchi inahitaji watu karibu 400,000 zaidi waingie kuliko wanaotoka, kila mwaka, ili nguvu ya kazi isipungue.

Kwa sababu hiyo sheria zilibadilishwa. Tarehe 1 Machi 2020 sheria mpya ya kuingiza wafanyakazi wenye ufundi ilianza kutumika. Ikatengenezwa tena kuanzia Novemba 2023. Na tarehe 1 Juni 2024 ikaanza ile inayoitwa Chancenkarte, yaani kadi ya nafasi, ambayo inaruhusu mtu kwenda kutafuta kazi akiwa kule kule, kama ana masomo ya inivasite ao ya ufundi yanayotambuliwa, ana franga za kuishi, na amefikisha alama 6.

Ni hapa lugha inaingia. Kwa kadi hiyo, Kijerumani cha A1 kinaweza kutosha kufungua mlango, ao Kiingereza cha B2. Lakini alama zinahesabiwa hivi: Kijerumani cha A2 kinaleta alama 1, B1 alama 2, B2 alama 3. Kijana anayetaka kwenda kutafuta nafasi ya Ausbildung, ule mufumo wa kujifunza kazi na kulipwa kidogo, anaombwa B1. Muuguzi anayetaka diplome yake itambuliwe, kwa kawaida anaombwa B2. Anayetaka kusoma inivasite kwa Kijerumani anapaswa kupanda juu zaidi, tena aonyeshe kwenye konti iliyofungwa euro 11,904 kwa mwaka, kima kilichowekwa tangu Septemba 2024.

Kwa hiyo kila mara mlango wa kweli uko kwenye B1 na B2. A1 ni kizingiti tu. Na B1 ndipo video zinaanza kuwa ngumu.

Pamoja na sheria hizo, uvumi pia ulisafiri. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani walitia saini mapatano juu ya uhamiaji na kazi. Mara moja ikasemwa kwamba Ujerumani imeahidi nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha: hakuna hesabu ya namna hiyo kwenye mapatano. Lakini uvumi una miguu mirefu kuliko kanusho. Ulivuka mipaka, na pale unapofika, hakosekani mtu wa kuuza kozi ya "Kijerumani kwa wiki sita" pamoja na ahadi ya viza.

Hesabu inaonyesha kwamba ahadi hiyo haisimami. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha na kupima Kijerumani duniani, inakadiria kwamba mtu anahitaji vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45 ili kufikia B1. Mtu akisoma saa moja na nusu kila siku, siku tano kwa juma, anafanya vipindi 10 kwa juma. Vipindi 350 ni majuma 35. Vipindi 650 ni majuma 65. Yaani kati ya miezi minane na mwaka mmoja na robo, bila kupumzika. Wiki sita zinatoa vipindi 60.

Shida ya kupata mwalimu

Goethe-Institut iko Kinshasa, na iko Kigali na Nairobi pia. Kwa mtu wa Kivu, Kinshasa ni safari ya ndege, na ofisi ya ubalozi wa Ujerumani kwa Kongo iko Kinshasa vile vile. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na benki zikafunga milango. Kupanga safari ya masomo katika hali kama hiyo ni kama kupanga kuvuka ziwa wakati wa dhoruba. Kigali iko karibu kwa barabara, lakini kuna gharama ya kulala, ya kula, na ya kozi yenyewe.

Ndiyo maana telefone imekuwa mwalimu. Si kwa sababu vijana ni wavivu wa kwenda darasani. Ni kwa sababu darasa liko ngambo ya mpaka. Kwa hiyo swali si kama mtu ajifunze kwa video ao hapana. Swali ni namna gani aziangalie ili zimfae.

Ukuta wa B1 umejengwa na nini?

Wengi wanaanza na kozi za Deutsche Welle. Redio hiyo inajulikana sana hapa. Idhaa yake ya Kiswahili imekuwepo tangu 1963, na redio nyingi za mitaa zinarusha matangazo yake. Watu wachache zaidi wanajua kwamba Deutsche Welle inafundisha pia Kijerumani bure. Kozi yake maarufu ni Nicos Weg, hadithi ya Nico, kijana wa Uhispania anayefika Ujerumani. Inaanza A1 na kuishia B1. Watu wanaongea pole pole, kila neno linasikika, na mazoezi yako chini ya video.

Nico anapomaliza safari yake, mwanafunzi anajiambia: sasa niko tayari. Anafungua video ya kweli, ile ambayo Wajerumani walitengeneza kwa ajili ya Wajerumani wenzao. Haelewi kitu. Anafikiri amesahau yote. Hajasahau. Amekutana na mambo matatu ambayo kozi ilikuwa inamkinga nayo.

Jambo la kwanza ni wingi wa maneno. Watafiti wa lugha, kati yao Paul Nation wa New Zealand, wameonyesha kwamba ili mtu afuate vizuri anachosoma ao kusikia, anahitaji kujua karibu maneno 95 hadi 98 katika kila 100. Tufanye hesabu. Kama msemaji anatoa maneno 120 kwa dakika, na mwanafunzi anajua 95 kwa 100, anakosa maneno 6 kwa dakika. Hayo anaweza kuyabahatisha. Kama anajua 80 kwa 100, anakosa 24 kwa dakika. Ni neno moja kila sekunde mbili na nusu. Kabla hajawaza neno la kwanza, la pili limeshapita. Hapo masikio yanafunga yenyewe, na kinachobaki ni kuangalia picha.

Jambo la pili ni namna Kijerumani kinavyopanga sentensi. Katika Kiswahili, kitenzi kinakuja mapema na kinabeba karibu kila kitu: "ninamupigia". Katika Kijerumani, kitenzi kinaweza kukatwa vipande viwili, na kipande cha pili kinangojea mwisho. "Er nimmt den Vertrag an" maana yake anakubali mkataba. "Er nimmt den Vertrag mit" maana yake anauchukua mkataba na kuondoka nao. Maneno manne ya kwanza ni yale yale. Kale kaneno ka mwisho ndiko kanaamua. Mtu aliyechoka kusikiliza katikati ya sentensi hajui kama amepata kazi ao kama karatasi imeenda nyumbani kwa mkubwa.

Ni vile vile kwa sentensi zenye "weil" (kwa sababu) ao "dass" (kwamba): kitenzi kinasukumwa mpaka mwisho. Mjerumani anaitaja siku, anaitaja basi, anaitaja mvua, ndipo anasema kilichotokea. Masikio yetu hayajazoea kungojea hivyo. Yanahitaji kufundishwa subira.

Jambo la tatu, na kubwa kuliko yote, ni lugha ya barabarani. Hapa mtu wa Kongo anaweza kuelewa haraka, kwa sababu anaishi jambo hilo kila siku. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa vitabu vya Dar es Salaam, mshushe sokoni Kadutu ao Birere. Kitabu kilimfundisha "unakwenda wapi?" Yeye anasikia "unaenda fasi gani?" Kilimfundisha "mimi ninakwenda", anasikia "mi njo naenda". Kilimfundisha "mtu", anasikia "mutu". Hakuna aliyemudanganya. Kitabu kina lugha yake, soko lina lugha yake.

Kijerumani ni hivyo. Kitabu kinasema "Hast du Zeit?", una nafasi? Kwenye video ya kweli inasikika "Haste Zeit?" Kitabu kinasema "ich habe", watu wanasema "ich hab". "Haben wir" inakuwa "hamwa". "Nicht" inapoteza herufi ya mwisho na kuwa "nich". Tena kuna vineno kama "doch", "mal", "halt" na "eben", ambavyo kamusi inashindwa kuvieleza. Lakini mtu anayesema "kuya basi" anajua tayari kazi yake. Ile "basi" haileti habari mpya. Inalainisha amri, ama inabembeleza. "Komm doch mal" inafanya kazi ya jamaa hiyo hiyo.

Na juu ya hayo yote, mtu wa Bavaria haongei kama mtu wa Hamburg, na Mswisi anayeongea lugha ya nyumbani kwake anaweza kumshinda hata Mjerumani wa kaskazini. Mwanafunzi wa B1 asijilaumu juu ya video ya Mswisi.

Kuangalia na kujifunza si kitu kimoja

Hapa ndipo jibu la swali la mama linaanza. Mtu anaweza kuangalia video saa tatu kila usiku kwa mwaka mzima na kubaki pale pale, kama vile watu wanavyoangalia filamu za India miaka kumi bila kuongea Kihindi. Ubongo ni mjanja. Ukiona picha na uso wa msemaji, unaelewa hadithi bila kusikiliza maneno. Ukiwa na tafsiri chini ya skrini, unasoma tafsiri na kuacha masikio yalale.

Kwa hiyo tafsiri ya Kifaransa ao ya Kiingereza inasaidia kujua hadithi, lakini inasaidia kidogo tu kujua lugha. Kwa mtu wa B1, maandishi ya Kijerumani chenyewe chini ya video ya Kijerumani yanamfaa zaidi, kwa sababu yanaunganisha sauti na neno: jicho linaona "haben wir" wakati sikio linasikia "hamwa". Kuna angalisho moja. Maandishi yanayotengenezwa na mashine yenyewe yanakosea, hasa kwenye majina ya watu na miji, na mara nyingi hayana nukta. Yale yaliyoandikwa na mtu ndiyo ya kuaminika.

Njia ambayo walimu wengi wa lugha wanaielekeza ni rahisi, lakini inaomba bidii. Chukua video fupi, dakika tatu tu. Isikilize mara ya kwanza bila maandishi yoyote, na ujiulize: nani anaongea, juu ya nini, anataka nini? Mara ya pili weka maandishi ya Kijerumani, simamisha pale ulipokosa. Mara ya tatu andika kwenye kaye sentensi saba ao kumi nzima. Si maneno peke yake. Neno "an" peke yake halifundishi kitu. Sentensi ya mkataba inafundisha. Mara ya nne, ongea pamoja na msemaji, ukimfuata nyuma kama mtoto anayemuiga mkubwa, kwa sauti ya kusikika, hata kama ndugu nyumbani wanacheka. Kesho yake, bila kufungua video, jirekodi kwa telefone ukieleza kwa dakika moja ulichosikia.

Kazi hiyo inachukua saa nzima kwa dakika tatu za video. Wengi wanaona ni kupoteza wakati. Lakini dakika tatu zilizoingia masikioni zinashinda saa tatu zilizopita mbele ya macho.

Kuchagua: si kila video ni chakula cha B1

Anayetoka Nicos Weg na kurukia filamu ya polisi kama Tatort, ambayo Wajerumani wanaiangalia tangu 1970, anajiumiza bure. Kuna ngazi za katikati.

Ngazi ya kwanza ni habari zinazosomwa pole pole. Deutsche Welle ina Langsam gesprochene Nachrichten, habari za kila siku za kazi zinazosomwa taratibu, pamoja na maandishi yake. Ni sauti tu, bila picha, na hiyo ni faida. Kwa mtu ambaye amekwisha kusikia habari za siku kwa Kiswahili ao Kifaransa, nusu ya kazi imefanyika: anajua tayari nini kimetokea, anasikiliza namna kinavyosemwa.

Ngazi ya pili ni habari zenye lugha nyepesi. Tagesschau, taarifa ya habari ya televisheni ambayo Wajerumani wanaiangalia saa mbili usiku tangu 1952, kuanzia Juni 2024 ina sura nyingine kwa lugha rahisi. Kuna pia logo!, habari za watoto. Mtu mzima asione haya. Habari za watoto zinaeleza vita, uchaguzi na mabadiliko ya hewa kwa sentensi fupi, na hazimchukulii mtazamaji kama anajua mambo yote. Die Sendung mit der Maus, kipindi cha watoto kilichoanza 1971, kinaonyesha namna vitu vinavyotengenezwa, na kila kinachosemwa kinaonekana kwa picha. Kwa anayetaka kazi ya ufundi, hayo ni maneno ya karakana yanayopatikana bure.

Ngazi ya tatu ni watu wa barabarani. Easy German wanakwenda na kamera mjini na kuuliza wapita njia maswali. Hapo "haste" na "nich" ziko wazi, pamoja na maandishi ya Kijerumani na chini yake ya Kiingereza. Kwa kuwa yale ya Kiingereza yako chini kabisa, kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye skrini kinatosha kuyafunika.

Baada ya ngazi hizo, filamu zitakuja zenyewe. Nyingine zina haki za kuonyeshwa ndani ya Ujerumani tu, na mtu akizifungua kutoka hapa anaona skrini nyeusi. Hiyo si kosa la telefone yake.

Hesabu ya mega

Walimu wa Ulaya wanaposema "angalia video kila siku", hawahesabu forfe. Hapa inabidi kuhesabu. Video inayopita kwa megabiti moja kwa sekunde, ubora wa kawaida tu, inakula karibu mega 450 kwa saa. Sauti peke yake ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu mega 29 kwa saa. Ni mara 15 kidogo. Yaani kwa bei ya saa moja ya video, mtu anasikiliza sauti saa kumi na tano.

Kwa hiyo mpango wa busara si kufungua video mpya kila usiku. Ni kupunguza ubora wa picha mpaka chini, kuchukua vipindi vya sauti ambavyo vimeruhusiwa kupakuliwa, na kurudilia kitu kilekile mara nyingi. Na hapo ufukara unakuwa msaada, kwa sababu kurudilia ndiko kunakofundisha. Mwenye mega bila mwisho anaruka kutoka video hii hadi ile. Mwenye mega chache anaibana moja mpaka inatoa maziwa yote.

Vijana watatu ao wanne wa kartieri moja wanaweza pia kuchangia. Mmoja anapakua, wote wanasikiliza, kisha telefone zinazimwa na wanaongea. Hakuna kozi ya video inayoweza kutoa hicho cha mwisho.

Video haiwezi kufanya nini?

Mtihani wa B1 wa Goethe una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Kila sehemu inahesabiwa peke yake, na kila moja inaomba alama 60 kwa 100. Mtu akianguka moja, anaweza kurudia hiyo moja. Video inasaidia sana kwa kusikiliza. Na inahitajika, kwa sababu katika sehemu ya kusikiliza kuna mazoezi mawili ambayo sauti inapita mara moja tu. Hakuna kurudisha nyuma. Anayezoea kusimamisha video kila sekunde tano ajizoeze pia kuacha ipite.

Lakini hakuna video inayosahihisha barua. Hakuna video inayomuambia mtu kwamba amesema "der Sonne" badala ya "die Sonne". Na hapo Kifaransa chetu kinatega mtego: jua ni mwanaume kwa Kifaransa, ni mwanamke kwa Kijerumani, mwezi ni kinyume. Kwa upande mwingine Kifaransa kinasaidia: sauti ya "ü" na ya "ö" ambazo zinawatesa Waingereza, mtu aliyesoma Kifaransa anazo tayari mdomoni. Na Kiswahili kinasaidia, kwa sababu mtu aliyekua na ngeli hashangai kwamba kila jina lina kundi lake na linavuta maneno mengine nyuma yake.

Kwa kuandika na kuongea, inabidi mtu wa kweli. Mwalimu mara moja kwa juma, mwanafunzi mwenzake aliyetangulia, Mkongomani anayeishi Ujerumani na anayekubali kuongea dakika ishirini kila posho. Asiye na mtu huyo anaweza kufika mahali anaelewa vizuri na hawezi kujibu.

Gharama ya kukosea

Haya yote si mchezo wa lugha tu. Nyuma ya kijana mwenye ekuta masikioni kuna familia. Kuna shamba lililouzwa, kuna likelemba iliyochukuliwa kabla ya zamu, kuna shangazi wa ngambo aliyetuma dola. Wenye kuuza ahadi wanajua hayo. Wanauza karatasi ya A1, na karatasi hiyo haielewi mkubwa wa kazi anapotoa amri asubuhi, wala mgonjwa anapolalamika usiku. Na hata aliyefaulu B1 kwa kukariri maswali, akifika Leipzig ao Dortmund, atakutana na "hamwa" siku ya kwanza.

Kijana anayetaka kujua kama amekwama anaweza kujipima leo usiku bila kulipa mtu. Achukue habari moja ya pole pole ya Deutsche Welle, dakika moja tu. Asikilize mara mbili. Kisha aandike kwa Kiswahili alichoelewa, ndipo afungue maandishi na kulinganisha. Afanye hivyo tena baada ya mwezi mmoja na habari nyingine. Kama karatasi ya pili haina kitu zaidi ya ile ya kwanza, basi mwezi mzima alikuwa anaangalia filamu, na mama alikuwa na haki ya kuuliza. Kama ina mistari miwili zaidi, aendelee: anasoma.